Alinidanganya, au nilipitwa? Jibu kwa msomaji wa riwaya tatu

"Shikamoo mwalimu. Tupo saba kwenye kikundi chetu cha kusoma, tunakutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwa miezi mitatu tumesoma riwaya tatu mpya: ya upelelezi, ya mapenzi na ya fantasia. Kwenye ile ya upelelezi, muuaji aligeuka kuwa mtu niliyempenda kuliko wote. Nilikasirika, nikafunga kitabu, na hadi leo naona mwandishi alinidanganya. Ile ya mapenzi nilijua mwisho wake tangu sura ya pili, na bado nililia. Wenzangu wawili walinicheka, wakasema hizo ni hadithi za watoto wa sekondari. Nikakaa siku nne siwezi kushika kitabu kingine. Ile ya fantasia ina kurasa 612 na nimekwama ukurasa wa 140, majina hayaingii kichwani. Kikundini nikiulizwa maoni naishia kusema 'kizuri' au 'kimenichosha'. Je, kasoro ni yangu au ya vitabu? Nitajuaje? Na ni lazima nimalize kila ninachokianza?"

Marahaba, ndugu yangu. Maswali yako ni mengi lakini shina lake ni moja: umesoma, umehisi kitu kikali, kisha unajihukumu kwa kuhisi. Hasira, machozi na uchovu ndiyo maoni yako, ila bado ni mabichi. Kilichobaki ni kurudi kwenye kurasa na kutafuta sentensi iliyoyazaa. Ukiipata, utajua kama kasoro ni ya mwandishi, ni yako, au ni ya saa uliyosoma.

Kwanza tuondoe dhana inayowapotosha wasomaji wengi, kwamba kuna kipimo kimoja cha riwaya nzuri. Hakipo. Kila aina ya riwaya humwahidi msomaji jambo lake. Riwaya ya fumbo la mauaji huahidi kwamba jibu limo ndani ya kurasa, na kwamba ukiwa makini ungeweza kulifikia kabla mpelelezi hajalitangaza. Riwaya ya mapenzi huahidi kwamba hawa wawili watavuka kilichowatenga. Fantasia huahidi dunia nyingine yenye sheria zake, na kwamba sheria hizo hazitapindishwa ili kumwokoa mwandishi aliyejifunga mwenyewe. Anayeidai riwaya ya mapenzi mshangao wa mwisho anadai deni ambalo mwandishi hakukopa.

Nianze na hasira yako, maana ndiyo yenye mengi.

Malalamiko haya ni ya zamani. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, aliandika kanuni kumi za mchezo huu. Ya kwanza inataka mhalifu awe ametajwa mapema. Nyingine inamtaka mpelelezi asifiche dalili: akiiona yeye, msomaji naye aione. Ya kumi inahusu mapacha, kwamba wasizuke bila msomaji kuandaliwa. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1926, mtunzi wa riwaya za upelelezi Agatha Christie alikuwa ametoa The Murder of Roger Ackroyd, na wasomaji wakagawanyika. Wapo walioona wamechezewa rafu, na wapo waliorudi nyuma ukurasa kwa ukurasa wakakuta kila kitu kilikuwa mbele ya macho yao. Hila yenyewe sitaitaja, huenda hujaisoma. Ninachotaka ukione ni kile walichofanya hao wa pili: walirudi nyuma. Huwezi kujua kama ulidanganywa bila kurudi nyuma, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunahukumu kesi kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo hasa mwandishi wa fumbo aliyoichezea.

Tazama inavyochezewa. Nakutungia mfano mdogo hapa hapa. Sura ya kwanza: Mzee Bakari wa Pangani anamwita mjukuu wake amsomee namba ya simu iliyoandikwa kwenye kikaratasi. Sura ya pili ina maneno haya: "Mzee Bakari alirudi sokoni saa nne, kapu begani: nazi mbili, fungu la mchicha, risiti ya fundi wa miwani, kilo ya mchele na mche wa sabuni. Hajavua hata viatu, kelele zikazuka uwanjani. Mtoto wa jirani ametumbukia kisimani!" Sura ya sita, kurasa themanini baadaye, Mzee Bakari anakutwa amefia kwenye kiti chake, gazeti limefunguliwa mapajani. Askari anatazama, anasema: "Masikini, kifo kimemkuta anasoma."

Umeona kilichofanyika? Dalili ni tatu, na zote umepewa. Mzee hawezi kusoma bila miwani. Miwani iko kwa fundi. Gazeti liko mapajani. Basi gazeti liliwekwa na mtu mwingine, tena mtu asiyejua habari ya miwani, kwa hiyo si wa nyumbani. Lakini risiti imewekwa katikati ya orodha, na sisi binadamu hukumbuka vyema cha kwanza na cha mwisho kuliko cha katikati. Papo hapo mtoto akatumbukia kisimani, moyo wako ukamkimbilia mtoto, risiti ukaisahau kapuni. Dalili zenyewe zimetenganishwa kwa makumi ya kurasa. Na mwisho askari, mtu mwenye mamlaka, amekupa maelezo yaliyo tayari, ukayapokea bila kuyapima. Huo si udanganyifu. Ni ufundi, na aliyepitwa nao hana sababu ya kuona haya.

Sasa chukulia toleo la pili la hadithi hiyo hiyo. Risiti haimo, mjukuu haitwi kusoma namba, na katika sura ya mwisho mpelelezi anasema: "Nilikwenda kwa fundi miwani, akaniambia kwamba miwani ya marehemu ilikuwa kwake." Hapo una haki ya kukasirika hadi kesho, kwa sababu mpelelezi amekwenda mahali ambapo wewe hukuchukuliwa.

Basi fanya hivi na kitabu chako. Hutumii zaidi ya jioni moja. Fungua sura ambamo mpelelezi anamtaja muuaji, na uandike kwenye daftari kila sababu anayoitoa, moja kwa mstari. Tuseme zimetoka tano. Kwa kila sababu rudi nyuma utafute ukurasa ilikotajwa kwanza, uandike namba yake pembeni. Usiyoipata, weka alama ya mkwaju (/). Halafu tafuta ukurasa ambao muuaji anatokea kwa mara ya kwanza na uulinganishe na urefu wa kitabu. Akiwa amejitokeza ndani ya robo ya kwanza, hapo hana lawama. Akiingia baada ya nusu, weka mkwaju mwingine. Mwisho soma upya maneno ya muuaji peke yake, kila mahali anaposema, ukiruka mengine yote. Katika kitabu kilichofumwa vizuri utasisimkwa, maana sentensi ulizozisikia kama za upole zitakuwa na maana ya pili. Katika kitabu kilichofumwa ovyo utakuta muuaji wa sura ya mwisho na yule bwana wa sura ya tatu hawafanani hata kwa kauli.

Kipimo changu ni hiki: sababu nne kati ya tano zikipatikana nyuma, mwandishi ametimiza ahadi. Zikipatikana mbili au chini ya hapo, lalamika na nitakuunga mkono. Tatu ni pa kubishania, na Jumamosi ya kikundi itakuwa tamu.

Kuna tofauti moja ndogo ya kutazamwa kwa makini: msimulizi alisema uongo, au alinyamaza? "Nilimwacha saa tatu, nikarudi nyumbani" inaweza kuruka dakika kumi bila kusema neno la uongo. "Nilimwacha akiwa mzima", ilhali amemwacha amekufa, ni uongo, na haukubaliki isipokuwa mwandishi ameshakuonyesha kwamba msimulizi huyu si wa kuaminika. Kwa Kiswahili kunyamaza huku ni kwepesi ajabu. "Alikuja usiku, akagonga, akafunguliwa, akaketi." Mwanamume au mwanamke? Lugha yetu haisemi. Anayeandika kwa Kiingereza angelazimika kuchagua kiwakilishi au kuzungukazunguka kwa shida, na msomaji angeshtuka. Sisi tunaandika sura nzima ya mgeni wa usiku, msomaji akajaza ndevu mwenyewe, kumbe ni bibi mwenye kanga. Vivyo hivyo shahidi akisema "nilimwona na ndugu yake": huyo ni kaka, dada, binamu, au mtu wa kwao tu? Ukikuta umepotea kwa njia hiyo, mwandishi hana hatia. Dhana ilikuwa yako.

Angalia pia kama kitabu chenyewe kilikuwa cha fumbo kweli. Sisi tunaita "upelelezi" vitu viwili tofauti. Upo upelelezi wa Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyejulikana kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Pale mambo ni kiko, maswali na kuchambua maneno ya watu, na msomaji anaalikwa kuchambua pamoja naye. Kisha upo ule wa Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Gamba ni jasusi, swali lake kubwa ni kama atawahi na kama atatoka hai, wala hakuna aliyekuahidi risiti ya fundi miwani. Ukimsoma Gamba kwa macho ya Bwana Msa utalalamika bure, na ukimsoma Msa kwa haraka ya Gamba utapitwa na kila kitu. Jalada la kitabu na maneno ya mgongoni hayasaidii sana, kwa kuwa muuzaji huandika "siri nzito" kwenye vyote. Soma kurasa ishirini za mwanzo. Kama mwandishi anakupa watu wengi ndani ya nyumba moja na anataja saa, milango na vitu, ni fumbo. Kama anakupa mbio na silaha, ni msisimko.

Baada ya yote hayo, huenda ukakuta sababu zote tano zipo na hasira bado ipo. Hapo usibishane nayo. Ulisema mwenyewe: muuaji ni mtu uliyempenda kuliko wote. Hiyo ni huzuni ya kumpoteza mtu uliyemwamini, nayo imevaa nguo za hasira. Mwandishi alikupa mtu mwema makusudi, kwa sababu msomaji hamshuku anayempenda. Kwa maoni yangu kitabu kilichokufanyia hivyo kimefanya kazi yake vizuri mno. Unaweza kukisifu kwa ufundi na bado kukichukia kwa ulichohisi. Maoni hayo mawili hayagongani.

Sasa machozi. Wanaokucheka wanaamini kwamba mwisho ukijulikana hakuna cha kulilia. Waambie waende kwenye taarab. Wimbo umepigwa miaka, kila aliyekaa ukumbini anaujua kwa ghibu, na bado ukifika ubeti fulani watu wanainuka kutunza huku macho yamelowa. Anayeujua ubeti ndiye anayeungoja. Riwaya ya mapenzi iko hivyo hivyo. Swali la kama watapatana limeshajibiwa tangu ulipoona jalada. Linalokuvuta ni namna gani, kwa gharama gani, na nani atakuwa wa kwanza kusema.

Kuhusu kujua mwisho, mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, walichapisha jaribio lililotumia hadithi fupi 12, nyingine za fumbo, nyingine zenye mwisho wa kushtua na nyingine za kifasihi tu. Kwa jumla, waliodokezewa mwisho mapema walizifurahia zaidi kuliko wasiojua. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na hadithi fupi si riwaya, kwa hiyo usilitumie kama nyundo ya kuwapigia wenzako. Inatosha kuonyesha kwamba mshangao si mlango pekee wa utamu.

Ukitaka kuwajibu kwa hoja, pima kizuizi. Pamela Regis, mhakiki wa Marekani aliyechambua riwaya za mapenzi katika kitabu chake cha mwaka 2003, anataja mambo manane ambayo riwaya ya aina hii huwa nayo. Yapo kukutana, kuvutana na kutamka mapenzi, lakini yaliyobeba uzito ni mawili: kizuizi, na ile hatua ambapo kila kitu kinaonekana kimekufa, hakuna njia tena. Jiulize, wawili hawa wakikaa kibarazani dakika tano wakaambizana ukweli, hadithi itaisha? Kama ndiyo, kizuizi ni dhaifu: simu isiyopokelewa, barua iliyosomwa nusu, dada wa watu aliyedhaniwa kuwa mchumba. Kama hapana, kwa sababu mmoja ana deni kwa familia yake, au amezoea kuachwa kiasi kwamba anaondoka kabla hajaondokwa, basi kizuizi kimo ndani ya watu wenyewe na mwandishi amefanya kazi ya kweli. Nadhani utakuta machozi yako yalitoka pale mhusika alipofanya jambo ambalo katika sura ya kwanza asingeweza kabisa kulifanya. Tafuta ukurasa huo. Hicho ndicho ulicholilia, na hakina utoto wowote.

Kuna jambo moja ningependa usilinyamazie katika aina hii. Ikiwa mwanamume wa hadithi anakagua simu ya mpenzi wake, anamkataza kuonana na ndugu zake, anamfuata hadi kazini, na kitabu kinayaita hayo mapenzi makubwa, moyo wako ukasita, usisite wewe kusema. Huko kusita ni usomaji mzuri. Tazama tu kama kitabu kinaujua ubaya huo na kinaujibu, au kinaupamba.

Siku nne za kukosa hamu ya kitabu kingine ni kawaida kabisa. Umeishi na watu kwa kurasa mia tatu, sauti zao bado zimo kichwani, na kitabu kipya kinakuletea wageni kabla hujawasindikiza wa kwanza. Usilazimishe riwaya nyingine ya mapenzi papo hapo, maana utailinganisha na utaionea. Soma kitu kifupi cha aina tofauti kabisa, mashairi au makala, au rudia sura moja tu uliyoipenda kisha uifunge. Ila tofautisha hili na jambo jingine. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hamu imekutoka kwa karibu kila kitu, karibu kila siku, chakula hakipandi, usingizi umeharibika, watu unawakwepa, na unajiona huna thamani, hapo kitabu si sababu na kitabu kingine si dawa. Nenda ukaonane na mhudumu wa afya ana kwa ana, mweleze hivyo hivyo ulivyoandika hapa. Likikujia wazo la kujidhuru usingoje wiki mbili. Mwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo na uende hospitali.

Twende kwenye fantasia. Hapa naomba usijiite mzito wa kichwa, kwa sababu ugumu unaoueleza una sababu yake.

Hadithi ya pwani ikimleta jini, haina haja ya kumweleza. Unajua anaweza kuingia chupani, unajua habari za udi na mizimu, umekua nayo. Mwandishi anaanza mbio ukiwa umeshafika nusu ya njia. Na Shaaban Robert, alipotupeleka Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, aliwapa watu wake majina yenye maana. Anayesimama kizimbani ni Karama, anayemshitaki ni Majivuno. Jina lenyewe linakushikia tabia, huhitaji daftari. Kwa hiyo anayesema fantasia ni ya kigeni au ya watoto hajatazama rafu ya nyumbani.

Kitabu chako cha kurasa 612 kinakunyima msaada wa namna zote mbili. Majina hayana maana unayoijua, na sheria za dunia yake unazisikia kwa mara ya kwanza. Akili hushika vitu vipya vichache tu kwa wakati mmoja, kama vinne hadi saba hivi, na sura ya kwanza ya fantasia nene inaweza kukurushia majina kumi na tano, ya watu, miji, koo na miungu. Kama unasoma kwa Kiingereza, nacho si lugha ya nyumbani kwako, mzigo ni maradufu. Ongeza kosa moja ambalo karibu kila msomaji hulifanya: jina lisilotamkika analitazama kwa umbo tu. Jicho linaona "lile refu linaloanza na K", linapita. Likija jina jingine refu la K, watu wawili wamekuwa mmoja, na kuanzia hapo hadithi haieleweki tena. Hii ndiyo "majina hayaingii".

Dawa yake ni ya mkono. Lipe kila jina matamshi ya Kiswahili, uyaseme kwa sauti mara mbili. Usijali kama mwandishi alikusudia vingine. Kata karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja, iwe ndiyo kialamishi chako. Andika majina yasiyozidi manane, na mbele ya kila moja mambo mawili tu: ni nani kwa nani, na anataka nini. Jina la tisa likija, amua nani wa kufutwa, na kule kuamua ndiko kunakofundisha kumbukumbu. Angalia mwanzo na mwisho wa kitabu, vitabu vingi vya aina hii vina ramani au orodha ya wahusika ambayo msomaji anaigundua akishamaliza. Soma kurasa arobaini kwa mkao mmoja badala ya kurasa tano tano ndani ya daladala. Fumbo linaweza kuvumilia daladala, dunia mpya haivumilii, kwa kuwa kila ukishuka kituoni dunia inabomoka na kesho unaijenga tena kuanzia msingi.

Ikiwa mistari yenyewe ndiyo inayokimbia, herufi zinaungana, kichwa kinauma baada ya dakika ishirini, au unasogeza kitabu mbali ili uone, karatasi ngumu haitasaidia. Kapime macho, hasa ukiwa umekaribia miaka 40 au umeipita, umri ambao kuona karibu hupungua kwa karibu kila mtu.

Na haki ya kitabu hiki uipimeje? Kwa sheria zake. Brandon Sanderson, ambaye ni mwandishi wa fantasia, aliweka kanuni inayonipendeza: uwezo wa mwandishi kutatua tatizo kwa uchawi unategemea jinsi msomaji anavyouelewa uchawi huo. Kwa maneno ya mtaani, kama pete inaweza kuzima moto, nionyeshe ikizima mshumaa sura ya nne kabla haijazima mji sura ya arobaini. Unaposoma, weka mstari kwenye kila mahali kitabu kinaposema uchawi hauwezi kufanya nini na unamgharimu nini mwenye kuutumia. Hayo ndiyo yatakayoibeba hukumu yako mwishoni.

Kama kitabu chako ni cha ule mchanganyiko unaovuma sasa, wa fantasia na mapenzi, mfano Fourth Wing ya Rebecca Yarros iliyotoka mwaka 2023, yenye chuo cha kivita na majoka, jiulize: nikiondoa mapenzi, kitabu kitasimama? Nikiondoa majoka je? Uzi ambao ukiukata kila kitu kinafumuka ndio wenye ahadi kuu, na kwa huo ndio ukipime.

Kumaliza si lazima. Nancy Pearl, mkutubi mashuhuri wa Seattle, ana kanuni ya kurasa 50: kitabu kisipokushika kufikia hapo, kiache, na ukishavuka miaka 50 toa umri wako kwenye 100, kinachobaki ndizo kurasa unazodaiwa. Kwa fumbo na mapenzi naikubali. Kwa fantasia nene naiona ni ya haraka mno, ningesema asilimia 20, ambazo kwenye kurasa 612 ni kama 122. Wewe umeshazivuka, hudaiwi na mtu. Lakini uliacha kwa ajili ya majina, hukusema hadithi ni mbaya, kwa hiyo ningekipa kitabu jioni moja zaidi. Usirudi ukurasa wa kwanza. Rudi mwanzo wa sura iliyotangulia ile uliyokwama, kialamishi mkononi, usome kurasa arobaini. Ukifika mwisho wake na hujali nani anaishi nani anakufa, kirudishe maktaba kwa amani.

Kuhusu kikundi, acha kukariri maoni njiani. Soma na penseli, au na vikaratasi kama kitabu ni cha kuazima: alama ya mshangao pale ulipostuka, alama ya kuuliza pale ulipotia shaka, mstari wa wimbi pale ulipopiga miayo. Usiku unaomaliza, kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote, andika sentensi tatu kwa mpango huu: nilihisi jambo gani, ukurasa gani, mwandishi alifanya nini hapo. "Kimenichosha" itageuka kuwa "kuanzia ukurasa wa 96 hadi 131 nilipiga miayo, kwa sababu wahusika wanaelezana vita vya babu zao na hakuna anayetaka kitu leo." Mtu akisikia hivyo anafungua ukurasa wa 96 kutazama, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Wale wawili waliokucheka nao uwaombe namba ya ukurasa.

Jumamosi ijayo nenda na daftari lako la sababu tano. Waambie wote sita wafunge vitabu, wataje kwa kumbukumbu ni wapi walimwona muuaji kwa mara ya kwanza, kisha mfungue pamoja mtazame.